Kutoka Babeli Hadi Yerusalemu: Njia ya Watu Ambao Mungu Hakuwasahau

Wasomaji wapenzi, leo nawaalika safarini. Hatutapanda gari wala ndege, wala hatutalipa nauli. Jioni baada ya chakula chukua Biblia yako, uwaite watoto wakae karibu, na kama mmoja wao ana ramani katika kitabu chake cha shule, mwambie ailete. Tutakwenda nchi za Mashariki, toka Yerusalemu mpaka Babeli, kisha turudi Yerusalemu. Ni njia waliyoipita Wayahudi zaidi ya miaka 2500 iliyopita. Mara ya kwanza waliipita wakilia, mara ya pili wakiimba.

Labda utaniuliza, kwa nini njia hii? Kazi yangu ya ukarani wa parokia yanikutanisha na watu wa kila namna. Huja baba anayetaka nakala ya cheti cha ubatizo cha mwanawe aliyekwenda mjini miaka mingi asirudi. Huja mjane na nia ya Misa ya marehemu mumewe. Huja wazee wa kigango ambao msingi wa kanisa lao umeota majani kwa kukosa mabati na saruji. Wote kwa namna yao huuliza neno moja: Je, Mungu amesahau? Basi tuwaulize Wayahudi wa Babeli. Wao walikuwa na sababu kubwa kuliko sisi ya kuuliza hivyo.

SHAMBA LA ANATHOTI

Safari yetu yaanzia katika kijiji kidogo. Jina lake Anathoti, nacho kiko mwendo wa saa moja na kitu kwa miguu toka Yerusalemu, upande wa kaskazini mashariki. Huko ndiko kwao nabii Yeremia.

Katika mwaka wa 10 wa mfalme Sedekia, majeshi ya Nebukadneza mfalme wa Babeli yalikuwa yameuzingira mji wa Yerusalemu. Ndani ya mji njaa ilikuwa inaingia. Yeremia alikuwa amefungwa katika ua wa walinzi, kwa kuwa alisema wazi kwamba mji utaanguka. Hapo akaja Hanameli, mwana wa ami yake, akamwomba anunue shamba lao la Anathoti.

Fikiri, msomaji. Nchi imejaa askari wa adui. Mnunuzi yu kifungoni. Mtu gani mwenye akili atatoa fedha yake kwa shamba kama hilo? Lakini Yeremia akapima shekeli 17 za fedha. Akaandika hati, mashahidi wakatia sahihi, akaipiga muhuri. Kwa desturi ya siku zile palikuwa na hati mbili, moja imefungwa kwa muhuri na moja wazi. Akampa zote mbili karani wake Baruku, akamwagiza azitie katika mtungi wa udongo zipate kukaa siku nyingi. Mungu alikuwa amemwambia kwamba katika nchi ile, iliyokuwa karibu kuteketea, watu watanunua tena nyumba na mashamba na mizabibu.

Yeremia hakulima shamba lile. Mwaka uliofuata mji ulianguka, na baadaye nabii mwenyewe akachukuliwa Misri na watu wasiomsikiliza. Tulitie moyoni neno hili la kwanza: ahadi ya Mungu yaweza kuwa na umri mrefu kuliko maisha ya mtu aliyeipokea. Mtu huondoka, hati ikabaki mtungini.

MJI WA MATOFALI

Sasa twende Babeli. Magofu yake yako katika nchi ya Iraki, karibu na mji wa Hilla, yapata kilomita 85 kusini ya Baghdad. Mto Frati wapita hapo, na kando yake imesimama mitende. Mwaka 2019 shirika la UNESCO liliandika magofu hayo katika orodha ya urithi wa dunia.

Wayahudi hawakupelekwa huko siku moja. Mwaka 597 kabla ya Kristo Nebukadneza alimchukua mfalme kijana Yehoyakini, aitwaye pia Yekonia, pamoja na mama yake, wakuu, askari, mafundi na wahunzi. Kisha mwaka 587, ambao wengine huuhesabu 586, mji ulibomolewa, Hekalu la Sulemani likachomwa moto, na kundi lingine likachukuliwa. Mfalme Sedekia alikamatwa, akapelekwa Ribla katika nchi ya Siria. Huko waliwaua wanawe mbele ya macho yake, kisha wakampofusha. Jambo la mwisho aliloliona duniani ni kifo cha watoto wake.

Watu hao waliingia katika mji ambao hawajapata kuona mfano wake. Palikuwa na lango kubwa la mungu wa kike Ishtari, limepambwa kwa matofali ya rangi ya samawati yenye sanamu za mafahali na majoka. Wajerumani walioongozwa na Robert Koldewey walichimba hapo toka mwaka 1899 mpaka 1917, na kwa matofali waliyoyakuta sehemu ya lango lile ilijengwa upya katika jumba la makumbusho huko Berlin. Matofali mengi ya Babeli yana chapa ya jina la Nebukadneza. Mfalme yule alitaka jina lake lisifutike. Katika miaka ya 1980 Rais Saddam Hussein alijenga kuta mpya juu ya magofu yale, naye akachapa jina lake katika matofali. Mwaka 2003 utawala wake ulianguka. Wafalme wanapenda matofali.

Lakini katika magofu hayohayo Wajerumani walikuta kitu kingine, kidogo sana. Ni vibao vya udongo vya makarani wa ikulu. Siku hizo karani wa Babeli hakuwa na wino na daftari. Alishika udongo mbichi, akachapa alama kwa ncha ya utete, udongo ukakauka, na maandishi yakadumu. Vibao hivyo vyaeleza mafuta yaliyogawiwa watu waliokaa chini ya ulinzi wa mfalme. Mojawapo ni cha mwaka 592 kabla ya Kristo. Mwaka 1939 mtaalamu Ernst Weidner alipovitangaza, watu walisoma humo jina la Yehoyakini mfalme wa Yuda, na wanawe watano.

Karani yule wa kipagani alikuwa anahesabu mafuta tu. Hakujua kwamba anaandika ushuhuda kuwa ukoo wa Daudi haujazimika. Mungu alikuwa ameahidi kwamba nyumba ya Daudi haitakwisha. Ahadi hiyo ilikuwa hai katika chumba cha wafungwa, ikipewa mgawo wake wa mafuta. Biblia yatueleza pia kwamba katika mwaka wa 37 wa uhamisho wake, Yehoyakini alitolewa kifungoni akala mezani pa mfalme wa Babeli siku zote za maisha yake.

KIJIJI CHA WAYAHUDI

Watu wengi hudhani kwamba Wayahudi wote walikaa miaka ile wakilia tu kando ya mito. Walilia kweli. Lakini Yeremia aliwapelekea barua toka Yerusalemu, akawaambia maneno ambayo hawakuyapenda: wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, na wauombee amani mji ule uliowateka, maana watakaa miaka 70. Watu waliotaka kusikia kwamba watarudi kesho walimkasirikia.

Hata hivyo walitii. Tuna ushahidi. Katika miaka yetu hii wataalamu wamesoma vibao vya udongo zaidi ya 100 vinavyowataja Wayahudi katika vijiji vya Babeli. Kimoja cha vijiji hivyo kiliitwa Al-Yahudu, yaani mji wa Yuda. Kibao kilicho cha kale kuliko vyote ni cha mwaka 572 kabla ya Kristo. Humo twawaona watu wakilima shayiri, wakitunza mitende, wakilipa kodi, wakikopeshana, wakigawana urithi. Na tazama majina yao: mengi yana jina la Mungu wa Israeli ndani yake. Baba amezaa mtoto ugenini, hajui kama mtoto huyo ataiona Yerusalemu, lakini ampa jina la Mungu wa baba zake. Wazazi Wakristo, nadhani mwalielewa jambo hili kuliko wataalamu.

Karibu na mfereji mmoja wa nchi hiyo, uitwao mto Kebari, padre mmoja wa Kiyahudi aliona maono. Ndiye Ezekieli. Wayahudi walidhani kwamba Mungu akaa katika Hekalu la Yerusalemu, na kumbe Ezekieli aliuona utukufu wake ukija ugenini, katika nchi ya wapagani. Huo ulikuwa wema mkubwa kuliko habari ya kurudi. Kabla Mungu hajawarudisha watu wake kwao, yeye mwenyewe alikwenda kukaa nao walikokuwa.

AMRI YA KORESHI

Mwezi wa Oktoba mwaka 539 kabla ya Kristo, Koreshi mfalme wa Uajemi aliuteka mji wa Babeli. Mwaka uliofuata aliwapa Wayahudi ruhusa ya kurudi na kulijenga Hekalu. Katika kitabu cha Isaya mfalme huyu mpagani aitwa mpakwa mafuta wa Bwana, ingawa hakumjua Bwana.

Mwaka 1879 katika magofu ya Babeli palipatikana kipande cha udongo chenye umbo la pipa dogo, urefu wake kama shubiri moja. Sasa kimewekwa katika jumba la makumbusho la Uingereza mjini London. Humo Koreshi ajisifu kwamba amerudisha sanamu za miungu katika mahekalu yao, na watu katika makao yao. Wayahudi hawatajwi humo. Lakini twaona kwamba kuwarudisha watu makwao ndiyo ilikuwa siasa yake, nayo yapatana na habari tunayoisoma katika kitabu cha Ezra. Koreshi alifanya hivyo kwa faida ya ufalme wake. Mungu aliipokea siasa ya mfalme akaifanya njia ya huruma yake.

Sasa nakuomba ufungue kitabu cha Ezra, sura ya kwanza na ya pili. Padre anaposoma sura za namna hii kanisani, watu husinzia. Lakini mimi karani nazipenda. Mithredathi, mtunza hazina wa Koreshi, avitoa vyombo vya Hekalu vilivyoibiwa na Nebukadneza, avihesabu kimoja kimoja mbele ya Sheshbaza mkuu wa Yuda. Jumla yake ni vyombo 5,400. Kisha yafuata majina ya jamaa zilizorudi, na jumla ya watu 42,360, mbali na watumishi 7,337 na waimbaji 200. Walikuwa na farasi 736, nyumbu 245, ngamia 435 na punda 6,720. Piga hesabu: punda mmoja kwa watu saba hivi, na punda hao walibeba mizigo. Basi watu wengi walitembea kwa miguu, na bila shaka wakina mama wengi walibeba watoto mgongoni.

Katika orodha hiyo wamo watu 652 wasioweza kuonyesha kwamba ukoo wao ni wa Israeli, kwa kuwa hawakuwa na maandishi. Wamo pia makuhani waliotafuta majina yao katika vitabu wasiyaone. Hao hawakufukuzwa, walirudi pamoja na wenzao. Lakini makuhani hao hawakuruhusiwa kufanya kazi ya ukuhani mpaka atokee kuhani wa kumwuliza Mungu. Wazazi, msiseme kwamba cheti ni karatasi tu.

NJIANI

Tazama ramani tena. Ukipima kwa rula, Babeli na Yerusalemu haziko mbali sana. Lakini katikati pana jangwa ambalo msafara wenye watoto na punda hauwezi kulipita. Kwa hiyo misafara ya siku zile iliufuata mto Frati kwenda kaskazini magharibi, kisha ikageuka kusini, ikapita Hamathi, Ribla na Dameski. Jumla ni kilomita 1,400 na zaidi, karibu sawa na barabara ya Dar es Salaam hadi Bukoba.

Ndiyo takriban njia aliyoipita baba yetu Abrahamu alipotoka Uru akipitia Harani. Uru iko kusini zaidi katika nchi hiyo ya Iraki. Mwezi wa Machi 2021 hayati Baba Mtakatifu Fransisko alikwenda huko, akasali pamoja na watu wa dini mbalimbali. Basi Wayahudi waliorudi walikanyaga tena nyayo za babu yao, kama kwamba Mungu aliwaambia: Tuanze tena tangu mwanzo.

Kama miaka 80 baadaye msafara mwingine uliondoka Babeli, ukiongozwa na Ezra, kuhani na mwandishi. Walisafiri karibu miezi minne. Ezra aliona haya kumwomba mfalme askari wa kuwalinda, maana alikwisha mwambia kwamba Mungu huwalinda wamtafutao. Wakafunga na kusali kando ya mto Ahava. Lakini tazama alivyofanya kabla ya kuondoka: aliipima fedha na dhahabu ya Hekalu, akawakabidhi makuhani 12. Walipofika Yerusalemu vyote vikapimwa tena, na uzito wote ukaandikwa. Kumtumaini Mungu hakukumzuia kuweka hesabu sawasawa. Viongozi wa vigango na wa vyama vya dini, mfano ndio huo.

MSINGI NA MACHOZI

Yerusalemu iko juu ya milima, zaidi ya mita 700 juu ya bahari. Waliozaliwa Babeli, nchi tambarare kabisa, walikuwa hawajaona mlima kwa macho yao. Walipanda kwa furaha, na walipofika walikuta nini? Mawe meusi ya moto wa zamani na malango yaliyoteketea.

Chini ya Zerubabeli, mjukuu wa mfalme Yehoyakini, na kuhani mkuu Yoshua, walianza kwa kujenga altare. Bado hakuna ukuta wala paa, lakini sadaka yatolewa asubuhi na jioni. Mwaka wa pili wakaweka msingi wa Hekalu. Makuhani wakapiga tarumbeta, watu wakashangilia. Lakini wazee waliokuwa wameliona Hekalu la kwanza walilia kwa sauti kuu, na Maandiko yasema kwamba watu hawakuweza kutenganisha sauti ya furaha na sauti ya kilio.

Napenda sana kwamba Biblia haikuwakemea wazee wale. Mungu alikuwa ametimiza ahadi, na hata hivyo palikuwa na vitu ambavyo havikurudi. Sanduku la Agano halikurudi. Mfalme hakuwapo tena. Waliokufa ugenini hawakurudi. Mtu aweza kumshukuru Mungu kwa moyo wote, na machozi bado yakamtoka.

Kisha kazi ikasimama. Majirani waliwapinga, wakapeleka mashtaka kwa wafalme. Watu nao wakalegea, kila mtu akashughulika na nyumba yake. Msingi ukakaa hivyo miaka mingi, mpaka mwaka 520, manabii Hagai na Zakaria waliposimama kuwahimiza. Wazee wa kigango chenye msingi ulioota majani, mnaona? Msingi wa Hekalu la Yerusalemu pia ulikaa vivyo hivyo, na Mungu hakuwa ameuacha.

GOMBO LA EKBATANA

Walipoanza tena, liwali Tatenai aliwauliza, Nani amewapa ruhusa? Wakajibu, Mfalme Koreshi. Lakini Koreshi alikwisha kufa, na hati hawakuwa nayo. Tatenai akamwandikia mfalme Dario. Dario akaamuru itafutwe katika nyumba za kumbukumbu za Babeli.

Haikuonekana Babeli. Ilionekana mbali, katika ngome ya Ekbatana, mji uitwao sasa Hamadani, katika nchi ya Irani. Palikuwa na gombo moja, na ndani yake amri ya Koreshi: nyumba ijengwe, na gharama itolewe katika hazina ya mfalme. Dario akamwandikia Tatenai asiwazuie Wayahudi, tena awape fedha na wanyama wa sadaka.

Nani aliliweka gombo lile mahali pake? Hatupewi jina lake. Alikuwa karani fulani wa Uajemi, aliyemaliza kazi yake ya siku, akalikunja gombo, akaliweka rafuni na mengine, akaenda kula. Zaidi ya miaka 15 baadaye kazi yake hiyo ndogo iliwafunga watesi wa watu wa Mungu midomo. Hekalu likamalizika mwaka 515 kabla ya Kristo. Toka lilipochomwa mpaka lilipowekwa wakfu tena yapata miaka 70.

UKUTA WA SIKU 52

Mwaka 445 alikuja Nehemia, mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi, toka jumba la kifalme la Shushani. Usiku alipanda mnyama wake akazunguka mji, akitazama kuta zilizobomoka. Kisha akawakusanya watu. Sura ya tatu ya kitabu chake yataja waliojenga, kipande kwa kipande: makuhani, wafua dhahabu, watengeneza manukato, wafanya biashara. Wamo wengi waliojenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Yumo Shalumu, aliyejenga pamoja na binti zake. Ukuta ulimalizika kwa siku 52, wengine wakishika mikuki wakati wenzao wakijenga.

Nehemia ataja mahali panapoitwa Ukuta Mpana. Katika miaka ya 1970, mchimbaji Nahman Avigad alifukua katika mji wa kale wa Yerusalemu ukuta wa zamani za wafalme wa Yuda, wenye unene wa mita 7 hivi. Wataalamu wengi hudhani ndio huo. Wageni huutazama hata leo, chini kuliko barabara ya sasa.

Ukuta ulipokwisha, Ezra alisimama juu ya jukwaa la mti akawasomea watu Sheria ya Mungu toka alfajiri hata adhuhuri, na wengine wakawafafanulia wapate kuelewa. Watu wote wakalia. Wakaambiwa wasilie, bali wale na kunywa, na wawapelekee chakula wasio na kitu. Taifa halikurudi siku lilipovuka mto wala siku ukuta ulipokwisha. Lilirudi siku ile liliposikia tena neno la Mungu na kulielewa.

UAMINIFU HAUJAKWISHA

Hekalu hilo la pili, ambalo Herode alilipanua, lilibomolewa na Warumi mwaka 70. Ukuta wa magharibi ulioshikilia uwanja wake ungalipo, na Wayahudi husali hapo. Kila mwaka, mwezi wa Julai au Agosti, hufunga siku moja wakikumbuka kuchomwa kwa Hekalu la kwanza na la pili. Wametawanyika katika mataifa, wameteswa sana, na katika miaka ya vita kuu ya pili Wayahudi kama milioni sita waliuawa huko Ulaya. Hata hivyo wapo. Mtume Paulo aliwafundisha Warumi kwamba Mungu hajutii vipawa vyake wala wito wake, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1965 ulitukumbusha neno hilo, ukatukataza kuwahesabu Wayahudi kuwa wamelaaniwa. Mambo ya siasa na vita vya nchi ile siyo haja ya makala hii. Yatupasa kuwaombea amani wote wakaao huko, Wayahudi na Waarabu, na wamo Wakristo wenzetu.

Sasa, wasomaji wapenzi, tumefika mwisho wa safari, ila lipo jina moja la kuangalia. Tarehe 17 Desemba katika Misa husomwa mwanzo wa Injili ya Matayo, ile orodha ndefu ya ukoo wa Bwana wetu. Katikati yake utasikia habari ya uhamisho wa Babeli. Baada yake atajwa Yekonia, ndiye Yehoyakini yule wa kibao cha mafuta. Yekonia amzaa Shealtieli, Shealtieli amzaa Zerubabeli, na hivyo kizazi kwa kizazi mpaka Yosefu mume wa Maria, ambaye kwake alizaliwa Yesu aitwaye Kristo. Hagai alikuwa amewaambia wazee waliolia kwamba utukufu wa nyumba ile ya pili utaipita ya kwanza. Wakafa wasiuone. Lakini siku moja, katika Hekalu hilohilo, mzee Simeoni alimpokea mtoto mikononi mwake.

Usisinzie basi orodha hiyo inaposomwa. Wengi wa waliotajwa humo walikufa wakingoja. Walioa, walilima, waliwapa watoto wao majina, waliandika hati wakazitia mtungini. Fanya na wewe kama wao. Mwombee mwanao aliye mbali, jina lake limo katika kitabu cha ubatizo. Ng'oa majani katika msingi wa kanisa lenu. Wafundishe watoto sala, hata kama hujui watakaa nchi gani. Mungu aliyemkumbuka mfungwa wa Babeli katika mgawo wa mafuta hatakusahau wewe.